Ishara ya Sokoni

"Sasa, Mama, yale maneno matano niliyokutajia mwanzo. Niambie," akasema Calvince, mtafiti wa kumbukumbu kutoka chuoni.

Mama akacheka. Tangu tuingie ofisini kwake alikuwa akimtania kuhusu ndevu zake zinazohesabika, na kumsimulia soko la Mamboleo la zamani: nani aliuza wapi, nani alimnyang'anya nani mume. Hayo hayajamtoka hata moja.

"Kijana, unanikimbiza kama mteja anayetaka kuongezwa samaki."

"Pole pole tu, Mama."

Mimi sikucheka. Ndugu zangu walishaamua: akishindwa jaribio hili la kumbukumbu, kibanda chake cha samaki kinafungwa, na kibanda ndicho kinachomwamsha asubuhi.

Kicheko chake kikafifia. Vidole vikapanda taratibu, vikashika sikio la kushoto.

Hiyo ilikuwa ishara yetu tangu nikiwa mtoto pale kibandani. Mama akishika sikio, amekwama kwa mteja, na kazi yangu ni kumwokoa bila mteja kujua. Tuliiacha zamani sana. Kumbe yeye bado anayo.

Calvince akainamia karatasi zake. Mama akanitazama, ametulia kabisa, kama mtu ambaye sijawahi kumwangusha.

Nilikuwa nimekaa hapo hapo maneno yakitajwa. Nikafungua mdomo nimnong'onezee.

Jembe. Jembe, halafu...

Jembe.

Nilipokuja kushtuka, mkono wangu mwenyewe ulikuwa sikioni.