Nyumba Iliyohesabiwa Tupu

Kisiwani kwao, nyumba isiyofungua bomba kwa siku mia moja huhesabiwa tupu, na ukuta wa kuzuia bahari haujengwi mbele ya nyumba tupu. Bi Somoe aliijua sheria hiyo. Lakini alipofiwa na mumewe akakaa eda, majirani walifanya kama walivyofanya mama zao: kila siku walimletea chakula na ndoo za maji, asishike kazi yoyote mpaka siku zake ziishe. Ndiyo heshima, na hakuna aliyeikumbuka mita ya maji.

Alipotoka eda alikuta vigingi vyekundu vimepigwa nyuma ya choo chake. Ukuta ungepita hapo, nyumba ibaki upande wa bahari.

"Mwanangu, si ulikuwa ukila humu humu matangani?" alimuuliza Vuai, mtoto wa dada yake, karani wa takwimu za kisiwa.

"Nilikula, mamdogo. Na nimewaandikia wakubwa kuwa upo." Vuai hakuinua macho. "Mashine inayohesabu nyumba haipokei maneno. Inapokea vipimo."

Basi akaamua kuipa vipimo. Asubuhi alifungua bomba, akakaa kitako akiyatazama maji yakijaza karai, yakimwagika, yakishika njia ya pwani. Alikaa hivyo mpaka adhuhuri, akisubiri kuhesabiwa.

Alasiri bomba lilikohoa, likakauka. Kwenye kioo cha mita palitokea maandishi: nyumba tupu, bomba linavuja, maji yamekatwa.