Daktari wa Meno Hajafunga

Siku hizi marehemu hazikwi mpaka madaktari wake wote wawe wamefunga faili lake kwenye mfumo. Daktari wa moyo alilifunga la Mzee Shekivuli jana. Wa macho akafuata. Wa meno bado. Bi Nakijwa, mke wa marehemu, akampigia simu.

"Daktari, mume wangu kafa. Kashavikwa sanda, na ameanza kunuka."

"Pole, mama. Lakini mimi ukurasa wa moyo siuoni, naona meno tu. Na meno yake yanatafuna sasa hivi. Mpe vyakula laini, gego moja linacheza."

Bi Nakijwa akafunua pazia la chumbani. Ncha ya sanda ilikuwa mdomoni mwa mumewe, na kidogo kidogo ilizidi kuingia.