Kipimo cha Supu

Fundi saa hakuigusa supu. Alilisukuma bakuli kwa kidole kimoja mpaka ukingoni mwa meza, akamwita binti yake.

"Leta vile vichupa vyako," alimwambia. "Ipime."

Mkewe, aliyeipika, alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa mkononi. Maneno yalikuwa yamemwishia tangu juma lililopita, mume alipotamka mbele ya watoto kwamba tumbo linalomkata hivi si ugonjwa, ni mkono wa mtu.

Chanzo kila mmoja nyumbani alikijua. Matokeo ya mtihani wa sayansi yalipotoka, binti alikuwa amewapita wote shuleni kwake, na kwa alama hizo tu chuo cha udaktari kikamwita. Kaka yake alikuwa ameufanya mtihani uleule mara tatu, na mara tatu akaanguka. Baba akakataa kutia sahihi fomu ya chuo. Mdogo hamtangulii mkubwa mlangoni, alisema; binti angoje mpaka kaka yake apite. Lakini chuo hakingoji. Fomu isiporudi kufikia Ijumaa, nafasi wangempa mwingine. Mama akamtetea binti, wakagombana mpaka majirani wakazima redio wasikie vizuri. Siku chache baadaye baba akaanza kutapika.

Tangu hapo hakula cha mkewe. Mkate alijinunulia mwenyewe. Chai aliipokea kwa binti tu, maana yule, alisema, ana moyo mweupe: amekatazwa chuo na hakununa hata nusu siku. Na bado alizidi kukonda. Mkono uliozoea kushika skrubu ndogo kama chawa, sasa kikombe tu kiliutetemesha.

Binti alileta sanduku la vichupa aliloazimwa na mwalimu wake wakati wa kujiandaa kwa mtihani. Kaka akavuta kiti, akachungulia. Pengo hilo moja, aliuliza, chupa yake iko wapi? Binti akasema ilivunjika.

"Haya, Profesa," kaka alisema. "Leo ndiyo leo. Mtihani huu hauna kurudia kama yangu."

Baba alisema ikigeuka nyeusi kwa sumu, mkewe atafunga mizigo, na usiku atalala kituo cha polisi. Ikibaki ilivyo, atatia sahihi palepale, kwani mtoto wa kumtoa baba yake kwenye hofu haitwi tena mdogo.

"Umesema, baba," binti alisema.

"Nimesema. Na kaka yako amesikia."

Binti alichota supu kijiko kimoja, akaichuja, akaimimina kwenye mrija wa kioo. Akadondosha dawa tone kwa tone, bila haraka. Mama alifumba macho. Baba alivaa lenzi yake ya kazini, akauinamia mrija kama saa ya mteja asiyemwamini.

Supu ilibaki vilevile. Akarudia kwa dawa ya pili, na ya tatu. Ikabaki.

"Ni supu tu, baba," alisema. "Na inapoa."

Fundi saa alivua lenzi. Akalivuta bakuli, akanywa mpaka vipande vya karoti vya chini. Kisha akamwomba mkewe msamaha mbele ya watoto, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kulisikia, na mkewe akaketi sakafuni akalia kwa kwikwi. Baba akaomba kalamu. Sahihi ilitoka imepinda, lakini ilitoka.

"Kichwa unacho, mwanangu," alisema. "Kumbe nilikuwa namwogopa mtu bure."

Kaka alitoka nje. Mama aliingia chumbani kumtandikia mumewe.

"Basi nitengenezee chai," baba alisema. "Ile yako."

Binti aliikunja fomu, akaitia kifuani, akaenda jikoni. Alichemsha maji, akatia majani. Mkono ukanyooka wenyewe hadi nyuma ya kopo la sukari, ukakigusa kichupa kilichokosekana sandukuni, ukasita, ukarudi.

Leo, kwa mara ya kwanza tangu baba aseme hapana, aliikoroga chai kwa sukari peke yake.