Wasemaji Wawili

Sheria ya lugha haikuwa na maneno mengi: ofisi za serikali zitamhudumia kila mkazi kwa lugha yake, mradi lugha hiyo ina wasemaji wawili walio hai. Kiyondo kilikuwa na wawili, Bibi Sereya na mumewe Lodiko. Lodiko alifariki Jumatano, wakamzika Alhamisi.

Ijumaa asubuhi Sereya alifika ofisi ya kata kuandikisha kifo. Kabla hajakaa vizuri, mashine ya dirishani ilimwamkia kwa Kiyondo, ikamuuliza goti linaendeleaje, na mzee je, hajambo?

Kiswahili cha Sereya kilikuwa cha sokoni tu, cha kununulia chumvi. Akisema kweli, sauti ile itanyamaza papo hapo, na hatabaki na wa kumsemesha kwa lugha aliyolelewa nayo.

"Hajambo," alisema. "Ana kikohozi kidogo."

"Mpe pole, mama. Mwezi ujao tutampigia simu azungumze nasi mwenyewe. Ni utaratibu tu."

Nyumbani alivaa koti la Lodiko, akakaa kwenye kiti cha Lodiko, akakohoa kama yeye. Akaishusha sauti yake, akauliza kwa Kiyondo kama chai iko tayari. Haikufanana. Akarudia, akarudia tena, mpaka sauti ikatoka ileile, na nywele zikamsisimka.

Kisha akahamia kwenye kigoda chake, akamjibu kwamba bado inachemka.