Kitambaa cha Tano

Fundi Mbwilo alikuwa gerejini kwake akifua vitambaa vyake vya kazi, vilivyochanwa kutoka khanga kuukuu ya mkewe. Vilikuwa vinne. Alipekua beseni, kisha akamwita mkewe. Cha tano, alimwambia, alikuwa amezibia paipu ya petroli alipobadilisha injini ya pikapu iliyokodiwa kwa harusi ya leo, akasahau kukitoa.

"Mbona iliwaka vizuri, Baba Tusa?" mkewe aliuliza.

"Petroli inapenya kidogo. Kwenye tambarare inatosha. Mlimani kabureta itakauka petroli, injini itazima, na breki zitakuwa ngumu kama jiwe, hazitakanyagika; gari litarudi nyuma."

Waligeukia mlima. Pikapu, ikiwa imejaa wasindikizaji wa bibi harusi, ilikuwa kwenye kona ya juu, bado inapanda. Vigelegele vilisikika hadi gereji.

Ikasimama. Vigelegele viliendelea kidogo, kisha vikakoma kimoja kimoja.