Bata Aliyejifunza Kutembea

Wanyama walipokuwa na kibanda chao cha video, nyota wa vichekesho alikuwa Bata. Hakuwa na maneno mengi. Alitembea tu kwa kupepesuka, na watazamaji wakacheka mpaka wakaegemeana.

Lakini Bata aliona aibu, akamwendea Korongo.

"Kaka, nifundishe kutembea. Wananicheka."

"Si ndiyo kazi yako?"

"Ndiyo, ila nataka waniheshimu."

Akajifunza. Katika filamu mpya alitembea wima kama bwana harusi. Kibanda kizima kilinyamaza, kisha Ngedere akapaza sauti, "Huyu mgeni rasmi ni nani? Turudishieni Bata wetu!" Filamu ya pili ilioneshwa mbele ya viti vitupu, na baada ya hapo hakuna aliyemwita tena.

Miaka ikapita. Asubuhi moja Swala alimleta kwa Bata mtoto wake, aliyezaliwa na mguu uliopinda.

"Mzee Bata, huyu hataki kutoka nje, anaogopa kuchekwa. Nimemwambia yupo aliyepepesuka, na sisi sote tukampenda. Tafadhali, mwonyeshe."

Bata akashangaa. "Mlinipenda?"

"Kwani hukujua?"

Bata akajaribu. Miguu ilikuwa imesahau. Ikagongana, akaanguka kifudifudi. Mtoto akacheka, akatoka nyuma ya mama yake, akamwinua kwa pua. Wakaondoka pamoja kuelekea mtoni, wote wawili wakipepesuka, na Bata ndiye aliyecheka zaidi.