Saa Kumi na Tatu kutoka Washington

"Amefika wapi sasa?" Wubalem aliuliza.

Hirut, binti wa kaka yake, aliangalia simu. Kidege kidogo kilikuwa kikitambaa kwenye ramani. "Juu ya Sudani, shangazi. Bado kama saa moja na nusu atue Addis."

Kutoka Washington ni zaidi ya kilomita elfu kumi na moja, saa kumi na tatu angani. Wubalem aliona ni muda mfupi mno. Mwanawe Nahom alikuwa anakuja nyumbani kuambiwa kwamba baba yake alifariki na kuzikwa miezi miwili iliyopita.

Hawakumwambia kwa simu. Nani humpasulia mtu msiba akiwa peke yake ugenini? Mfiwa huachwa afike kwao, ale, alale. Alfajiri wazee humwendea pamoja, naye akianguka, anaangukia mikononi mwa watu. Kwa hiyo kila Nahom alipopiga simu, Wubalem alidanganya: baba yuko kanisani, baba amelala, baba koo limemkauka. Wiki hii kijana hakupiga kabisa, naye akashukuru. Machozi yalikuwa yamemwisha. Alikaa tu, mwili umekufa ganzi, akiogopa jambo moja: mwanawe asije akamchukia kwa uongo ule.

Ingawa ndiyo kwanza kunapambazuka, jikoni wanawake wa mtaa walikuwa wamejaa, wakimenya vitunguu vya kulisha harusi nzima.

"Aberash, vyote hivyo vya nini? Kijana mmoja ana matumbo mangapi?"

Aberash, jirani ambaye hata kanisani hakuacha utani, aliendelea kumenya.

"Na wewe leo umemeza ulimi?"

"Vitunguu vinawasha, dada," alisema Aberash, akageuza uso.

Hirut alikohoa. "Mesfin anakuja naye, shangazi. Yule rafiki yake. Ameomba ruhusa kazini."

"Kwani Nahom mtoto mchanga, asindikizwe?"

Hirut aliitia simu mfukoni.

Mlango ukafunguliwa. Wazee waliingia mmoja mmoja wamejifunika shuka nyeupe, Ato Zewdu mbele. Ndiye aliyesimamia mazishi ya mume wa Wubalem.

"Jamani, mmewahi mno!" alisema Wubalem. "Bado yuko angani. Mwacheni apumzike kwanza, mtamwambia kesho."

Aberash alitoka jikoni akamshika mkono wa kulia. Hirut akamshika wa kushoto. Ato Zewdu, mzee wa magoti mabovu, alijikongoja mpaka akapiga magoti mbele yake.

"Dada yangu," alisema, "Mesfin atashuka na abiria. Nahom tunakwenda kumpokea upande wa mizigo."